MAJI KWANZA: DAKIKA 20 ZA MTU ALIYEUNGUA



Katika toleo hili nataka tuzungumze juu ya kuungua. Hakuna kiwanda cha sukari wala cha chai hapa Uganda kisichokuwa na boila. Hakuna nyumba katika layini zetu isiyokuwa na sigiri. Moto tunaondoka nao kazini jioni na kuukuta nyumbani. Lakini ukiuliza wenzetu kumi, "Mtu akiungua utafanya nini?" utapata majibu kumi, na mengi ya majibu hayo yanamwongezea mgonjwa maumivu.

Mimi si daktari. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaingia kiwandani kubeba makapi ya miwa, na baadaye wenzangu wakanichagua kufanya kazi ya chama. Haya nitakayoeleza nilifundishwa katika mafunzo ya huduma ya kwanza, na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nitaanza na nililoliona.

MKONO WA MWENZETU

Miaka zaidi ya 20 iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha sukari. Bomba la maji ya miwa lilipasuka kwenye kiungo. Maji ya miwa yakishatiwa chokaa huchemshwa kupita digrii 100, nayo yana sukari, kwa hiyo yakimwagika hushika mwilini. Yalimpata mwenzetu mmoja mkono wa kulia, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Bomba la maji baridi lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Alikimbilia, akaweka mkono, na kwa mara ya kwanza akaacha kupiga kelele. Hazikupita dakika mbili nyapara akafika. Akasema, "Imetosha, mashine zinasubiri." Fundi mmoja, kwa huruma kabisa, akachota grisi kwenye kopo akampaka mkono mzima. Akafungwa na kitambaa cha kufutia mashine. Akakaa pembeni mpaka zamu ikaisha asubuhi, ndipo akapelekwa zahanati na gari lililokuwa likienda mjini kwa shughuli nyingine.

Kule zahanati muuguzi alikuwa na kazi ya kukwangua grisi kwenye nyama mbichi. Mkono ukaoza, akalazwa wiki nyingi. Ulipopona, vidole vitatu vilikuwa vimejikunja kiganjani na havikunyoka tena. Mtu aliyekuwa fundi msaidizi akawa mfagiaji, kisha akawa si kitu pale kiwandani. Tulipodai fidia tukaambiwa kitabu cha ajali hakina habari hiyo. Kweli hakikuwa nayo, kwa sababu hakuna mtu aliyeiandika.

Nimefikiri sana juu ya usiku ule. Dawa ilikuwepo, nayo ilikuwa maji. Kilichokosekana ni dakika 18 nyingine, na mtu wa kumwambia nyapara asubiri.

KWA NINI MAJI, NA KWA NINI DAKIKA 20

Ukiondoa sufuria jikoni, haipoi saa ile ile. Mwili nao ni hivyo. Moto ukishaondoka, joto lililoingia bado linaendelea kushuka chini ndani ya nyama na kuiua. Maji ya kawaida yanayotiririka huvuta joto hilo nje, hupunguza maumivu, huzuia uvimbe, na hufanya jeraha lisizidi kwenda chini. Jeraha ambalo lingehitaji kubandikwa ngozi hospitali laweza kupona kwa kufungwa tu.

Lakini joto halitoki mara moja. Ndiyo maana waganga wa leo wanasema dakika 20 kamili. Dakika mbili za nyapara hazitoshi. Na ukichelewa kupata maji usikate tamaa, kwa maana hata ndani ya saa tatu tangu kuungua maji bado yanasaidia.

Maji yawe baridi ya kawaida, kama ya bombani au ya mtungi. Barafu usitumie kabisa, maana nayo huua nyama.

Wengine watasema, "Kwetu hakuna bomba." Jerikeni ipo. Jerikeni moja ya lita 20, ukimimina kwa kikombe polepole, lita moja kila dakika, inatosha dakika 20 zote. Tumia maji safi kuliko yote uliyonayo, na yale ya kunywa ndiyo bora.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, zuia moto. Nguo zikishika moto, mtu asikimbie, kwa sababu upepo huchochea. Alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike. Mwenzake amfunike na blanketi zito au gunia lililolowa. Blanketi la nailoni usilitumie, huyeyuka.

Pili, vua nguo zilizolowa maji moto, pamoja na gambuti, saa, pete, bangili na shanga. Fanya haraka kabla mwili haujavimba, kwa maana pete juu ya kidole kilichovimba hukata damu. Nguo au sukari iliyoganda na kushika ngozini usiibandue. Mwagia maji juu yake, na hayo mengine waachie hospitali.

Tatu, maji dakika 20. Tazama saa. Kama hakuna saa, mtu mmoja amimine na mwingine ahesabu.

Nne, poza jeraha lakini mtunze mgonjwa asipate baridi. Sehemu iliyoungua iwe majini, mwili uliobaki ufunikwe. Mtoto mdogo na mtu aliyeungua sehemu kubwa hupoa upesi. Akianza kutetemeka, acha maji, mfunike, mpeleke.

Tano, funika jeraha kwa kitambaa safi cha pamba kisichoacha nyuzi, kisha funga kwa kulegeza. Kama ni mkono au mguu, kaveera safi ambayo haijatumika hufaa sana, kwani haishiki kidonda. Ivalishe kama soksi, isibane.

Sita, mpe kidonge cha paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama yu macho na hatapiki, mpe maji anywe kidogo kidogo.

Saba, mpeleke kituo cha afya ikiwa ni mmoja wa wale nitakaowataja hapa chini.

VITU AMBAVYO HATUPAKI

Najua hapa nitagombana na wazee wangu na mama zangu, nao wanisamehe. Grisi, mafuta ya kupikia, siagi, dawa ya meno, ute wa yai, majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mkojo, sukari, mafuta ya taa, manyoya ya sungura: vyote hivi tusivipake.

Mafuta na grisi hufunika joto likabaki ndani. Udongo na kinyesi huleta vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda. Dawa ya meno huwasha kidonda na kumficha muuguzi asione kina chake. Na kila ulichopaka, mtu hospitalini itabidi akiondoe, na mgonjwa ndiye atakayelia.

Mtu ataniambia, "Nilipaka yai nikapona." Naam, ulipona, kwa sababu jeraha lilikuwa dogo, na mwili wako una nguvu ya kujiponya. Yai halikufanya kazi hiyo. Yai mpe mgonjwa ale, litamsaidia zaidi kutoka tumboni.

Lengelenge nalo usilipasue. Ngozi ile ni kifuniko safi kuliko bandeji yoyote utakayonunua dukani.

MOTO WA AINA NYINGINE

Mvuke. Mvuke mkali unaotoka kwenye bomba lililopasuka mara nyingi hauonekani pale unapotokea, huonekana mbele kidogo ukiwa wingu. Usipeleke mkono kutafuta panapovuja. Mtu aliyepigwa na mvuke usoni aende hospitali hata kama anasema yu mzima, kwa sababu koo laweza kuvimba baadaye.

Soda kali na asidi. Mafundi wanaosafisha mitambo ya sukari hutumia soda kali waiitayo kostiki. Asidi iko kwenye betri za magari na matrekta. Hizi huendelea kula nyama zikiwa kimya. Vua nguo, mwagia maji mengi nusu saa au zaidi. Kwa soda kali hata saa nzima si nyingi. Usijaribu kuua asidi kwa soda, wala soda kwa asidi, maana vikikutana huleta joto jipya. Ikiingia jichoni, lifungue jicho kwa vidole na umwagie maji kutoka upande wa puani kwenda nje, ili yasiingie jicho la pili. Kisha hospitali.

Chokaa kavu ambayo haijazimwa. Hapa kuna tofauti. Chokaa hii ikikutana na maji kidogo huchemka. Kwa hiyo kwanza ikung'ute ikiwa kavu, kwa brashi au kitambaa, ndipo umwagie maji mengi.

Umeme. Usimguse mtu aliyeshikwa na umeme kabla ya kuzima swichi kubwa. Alama yake kwenye ngozi huwa ndogo kama kichwa cha msumari, lakini ndani umepita kwenye nyama na moyo. Kila aliyepigwa na umeme mpaka akaungua aende hospitali.

Majivu ya shamba la miwa. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, juu panaonekana pamepoa na chini kuna makaa. Wakataji wengi huungua nyayo. Kandambili si kiatu cha kazi hiyo, na gambuti ni haki ya mkataji.

NANI AENDE HOSPITALI

Jeraha dogo lenye wekundu tu, au lengelenge dogo, laweza kutunzwa nyumbani. Kupima ukubwa, tumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake. Kiganja kimoja ni kama sehemu moja katika mia ya mwili wake. Jeraha likizidi kiganja kimoja, aende kituo cha afya. Likifika viganja kumi kwa mtoto, au kumi na tano kwa mtu mzima, huo ni ugonjwa wa kuua. Mwili unapoteza maji mengi na lazima atiwe maji kwa mshipa, tena upesi.

Hata jeraha likiwa dogo, aende ikiwa limempata usoni, mkononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjwa. Aende ikiwa limezunguka mkono au mguu kama pete. Aende ikiwa ni mtoto mdogo, mzee, mama mjamzito, au mwenye ugonjwa wa sukari. Aende ikiwa alivuta moshi, sauti imekwama, au ana masizi puani. Na kila mmoja aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Tahadhari moja kubwa. Jeraha jeupe, la kahawia au jeusi, gumu kama ngozi ya kiatu, ambalo mgonjwa anasema haliumi, ndilo baya kuliko yote. Haliumi kwa sababu mishipa ya kuhisi imekufa. Nimewasikia manyapara wakisema, "Huyu halii, hajaumia." Sasa mnajua jibu.

Wale walioungua vibaya sana, kituo cha afya kitawapeleka mbele. Hospitali ya Kiruddu kule Kampala ndiyo yenye kitengo kikubwa cha watu walioungua.

NYUMBANI, KATIKA LAYINI

Maji ya digrii 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde tano hivi, na chai au posho inayochemka ni zaidi ya hapo. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua kwa muda mfupi zaidi. Na sisi tunapika chini, kwenye sigiri, kimo kile kile cha uso wa mtoto anayejifunza kutembea.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimekwenda kwenye mkutano wa tawi katika shamba moja la chai. Tukasikia kilio nyumba ya tatu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amevuta sufuria ya uji, ukammwagikia kifuani na begani. Majirani wakaja, huyu ana yai, huyu ana majivu. Dada mmoja mchuma chai, aliyekuwa amepata mafunzo yetu, akasema, "Mama fulani, subiri. Nipe jerikeni." Akamvua mtoto shati, akakaa naye mapajani, akamimina maji kidogo kidogo. Watu wakamnung'unikia kwamba anamtia mtoto baridi. Akamfunika miguu kwa shuka na kuendelea. Baada ya muda mtoto akanyamaza. Wakamfunga shuka safi, wakampeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Nilipomwona tena miezi mingi baadaye, begani kulikuwa na doa jepesi tu, na mkono anauinua mpaka juu.

Kwa jeraha dogo linalotunzwa nyumbani, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Osha jeraha taratibu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Lipake vaselini safi kidogo likishapoa, kopo jipya lisiloingizwa vidole vya watu wote, kisha lifunge kwa kitambaa safi. Badilisha kila siku au likilowa. Mgonjwa ale vizuri: maharage, mayai, samaki, matunda. Kiungo kilichoungua akinyooshe kila siku japokuwa kinauma. Hapo ndipo vidole vya mwenzetu vingeokolewa. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaotambaa, homa, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili, nenda kituo cha afya. Nenda pia ikiwa wiki mbili zimepita na halijafunga. Mtoto aliyeungua, hata kidogo, akipata homa, vipele au kutapika, mpeleke siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya kifafa. Watu wenye kifafa huangukia moto mara nyingi, na wengine huachwa wakiungua kwa sababu majirani wanaogopa kuwagusa. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kumshika. Mtoe motoni mara moja. Na mwenzetu mwenye kifafa asipangiwe kazi ya tanuru, wala asifukuzwe kwa ajili ya ugonjwa wake. Atafutiwe kazi nyingine.

TUDAI NINI

Haya yote hayatakuwa na maana kama nyapara akisema "imetosha" na sisi tukanyamaza. Kwa hiyo kila tawi lipeleke mambo haya mbele ya mwajiri.

1. Maji karibu na kila mahali penye moto, mvuke au dawa kali. Kama bomba haliwezekani, jerikeni tatu zilizojaa, zenye alama, zisizotumika kwa kazi nyingine.

2. Dakika 20 za maji ziwe haki ya kila aliyeungua, na za mwenzake anayemsaidia, bila kukatwa mshahara wala kuhesabiwa kilo pungufu.

3. Sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji safi, mahali panapofikika, lisilofungwa kwa ufunguo ulio nyumbani kwa meneja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aliweke.

4. Katika kila zamu, ya usiku pia, awepo mtu aliyefundishwa.

5. Gari lijulikane ni lipi, na dereva ni nani.

6. Kila ajali iandikwe siku ile ile: jina, saa, mahali, mashine, mashahidi. Katibu wa tawi abaki na nakala. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri katika mwezi mmoja tangu ajali. Usingoje kupona ndipo uandike. Kama mkono wako ndio ulioungua, mwenzako akuandikie. Na mwajiri akikataa, twende pamoja kwa Afisa wa Kazi.

Mwaka jana katika tawi moja kijana aliungua mkono kwa mvuke. Nyapara alikuja kama wale wa zamani. Wenzake wanne wakasimama kati yake na bomba, na mzee mmoja akamwambia kwa adabu, "Bwana mkubwa, bado dakika kumi na mbili." Nyapara akatazama saa yake, akasimama nao mpaka zikaisha.

Ndugu, ikate karatasi hii, ibandike karibu na boila na karibu na jiko. Asiyejua kusoma asomewe.

Umoja ni nguvu.

Mwandalizi wenu wa chama